Kompyuta Inayoganda Baada ya Kuongezewa Vifaa: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kila mwaka jarida letu hutenga kurasa chache kwa ajili ya elimu ya vitu tunavyovitumia kila siku. Safari hii tumechagua jambo lililotusumbua sisi wenyewe ofisini kwa takriban mwezi mzima, nalo ni kompyuta ya mezani inayoganda baada ya kuongezewa vifaa vipya. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mnatumia kompyuta za mitumba shuleni na nyumbani, na kuziongezea vifaa ndiyo njia rahisi ya kuzirefushia umri. Pili, katika kuutafuta ubovu ule tulimkosea mtu, na tungependa kosa letu liwe funzo kwenu.

KISA CHENYEWE

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa na memori ya GB 4 na hadi diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado haijawa tayari. Kamati ya madrasa ikachanga fedha kidogo kidogo, hatimaye zikapatikana za kununulia memori ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 240. Kijana wetu mmoja wa darasa la juu, mwenye ujuzi wa mambo haya, alitumwa dukani. Akanunua, akaleta risiti na chenji, kisha akavifunga vifaa mbele yetu siku ya Alhamisi na kuweka Windows upya katika diski mpya. Kompyuta ikawa inawaka kwa muda usiofika dakika moja. Sote tukafurahi.

Ijumaa ofisi haifunguliwi. Jumamosi, kompyuta ikaanza kuganda. Unaandika, mara kishale kinasimama, kibodi haijibu, na saa iliyo pembeni mwa kioo inabaki pale pale. Hapakuwa na maandishi ya kosa wala kioo cha buluu. Njia pekee ilikuwa kuizima kwa nguvu. Nao ulikuwa mwezi wa Shaaban, tunachapa mitihani ya kufungia kabla ya Ramadhani. Mtihani wa nahau wa darasa la nne ulichapwa mara mbili na kupotea mara mbili. Mwishowe ukaandikwa kwa mkono.

Hapo ndimi zikaanza kufanya kazi. Mmoja wetu akasema memori ile ni bandia. Mwingine akasema pengine kijana alinunua ya bei ya chini. Maneno haya yalisemwa ofisini, mlango ukiwa wazi, na kijana aliyasikia. Hakujibu kitu. Aliacha tu kupita ofisini.

Sisi tukaipeleka kompyuta kwa fundi mjini. Fundi akaitoa memori mpya, akaweka nyingine, akaiacha kompyuta inafanya kazi mbele yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikuganda hata mara moja. Tukalipa, tukaamini tuliyokwisha kuyaamini, tukarudi. Jioni ile ile ikaganda tena.

KUGANDA NI DALILI, SI UGONJWA

Kama vile homa ilivyo dalili ya maradhi mengi, kuganda nako ni dalili ya matatizo mengi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama inaganda vipi. Tunaweza kugawa kuganda katika aina tatu:

(a) Programu moja tu imekwama. Mausi inatembea, na programu nyingine zinafanya kazi. Hapa bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua Task Manager, uifunge programu hiyo. Mara nyingi vifaa havina kosa.

(b) Mausi inatembea lakini hakuna kinachofunguka, na taa ya diski imewaka mfululizo bila kupepesa. Hapa shaka ya kwanza huelekea kwenye diski au waya wake.

(c) Kila kitu kimesimama. Bonyeza kitufe cha Caps Lock uitazame taa yake. Ikiwa haiwaki wala haizimiki, basi kompyuta nzima imekwama. Hapa chanzo huweza kuwa memori, umeme, joto au draiva.

Aidha, tazameni muda. Je, inaganda mara tu baada ya kuwashwa, au baada ya nusu saa? Ukiizima na kuiwasha papo hapo, inaganda mapema zaidi kuliko mara ya kwanza? Asubuhi ni nafuu kuliko mchana? Andikeni majibu katika daftari pamoja na saa. Sisi hatukuandika, na kwa hilo tulipoteza wiki tatu.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Kwanza, okoeni kazi zenu. Nakilini mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Kompyuta inayozimwa kwa nguvu mara kwa mara huweza kuharibu mafaili yaliyokuwa yamefunguliwa.

Pili, mkitaka kufungua kasha, izimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme ukutani, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa memori, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, hata usiouhisi, huweza kuidhuru. Ama pawa saplai, yaani lile sanduku la kugawia umeme, msilifungue kabisa. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Tatu, andikeni orodha ya kila kilichobadilika tangu siku ya mwisho ambayo kompyuta ilikuwa nzima. Tunasema kila kilichobadilika, si kila kilichonunuliwa. Orodha hii ndiyo ufunguo wa kazi yote.

Nne, shikeni kanuni hii: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, kompyuta ikapona, hajui kilichoiponya. Na isipopona, huenda ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

HATUA KWA HATUA

1. Rudisha ilivyokuwa. Toa kifaa kipya, rudisha cha zamani, utumie kompyuta kwa muda ule ule ambao huganda. Ikiacha kuganda, una sababu ya kukishuku kifaa kipya, lakini usihukumu bado. Kirudishe tena uone kama ugonjwa nao unarudi. Huenda tatizo lilikuwa ni kutokaa sawasawa tu, na kwa kukitoa na kukirudisha umelitibu bila kujua.

2. Memori. Hakikisheni ni ya aina inayokubaliwa na mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Memori ya DDR3 ina pini 240 na ya DDR4 ina pini 288, tena pengo lake liko mahali tofauti, hivyo moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Msilazimishe. Memori huingizwa kwa kubonyezwa pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge kwa mlio. Iliyoingia nusu huweza kuwasha kompyuta kisha ikaleta matatizo baadaye.

Sisi tuishio karibu na bahari tuna jambo la ziada, nalo ni hewa ya chumvi inayochafua pini. Mafundi wengi husugua kwa ufutio wa penseli. Lililo bora ni kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, kisha kuacha pini zikauke kabisa.

Kuipima memori, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, ukubali kompyuta ijiwashe upya. Kipimo kizito zaidi ni MemTest86, ambacho huwashwa kutoka kwenye flashi na huachwa usiku kucha. Hata kosa moja likionekana, pana tatizo la kutafutwa. Ili kujua kama mbovu ni memori au ni sloti, pimeni kipande kimoja peke yake katika sloti moja, halafu kipande hicho hicho katika sloti nyingine. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti, tatizo ni mazabodi. Vilevile vipande viwili vizima kila kimoja peke yake huweza kutopatana vikiwekwa pamoja, hasa vikiwa vya kasi au watengenezaji tofauti.

3. Diski na waya wake. Waya wa SATA uliolegea, au uliokunjwa sana ili kasha lifungike, huleta mkwamo wa sekunde kadhaa kisha kompyuta ikaendelea. Badilisheni waya kwanza, kwani ni wa bei ndogo kuliko diski. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za afya zilizomo ndani ya diski yenyewe. Mkiona hesabu ya makosa ya CRC inazidi kupanda, mara nyingi mwenye kosa ni waya na si diski.

4. Umeme. Memori na SSD hutumia wati chache tu, hivyo ni nadra kuilemea pawa saplai. Ama kadi kubwa ya picha ni jambo jingine. Sloti yake katika mazabodi hutoa wati 75 tu, na kadi inayohitaji zaidi ya hapo huunganishwa waya wake maalumu kutoka kwenye pawa saplai. Kompyuta ikiganda mara tu unapocheza mchezo au kufungua video nzito, shuku hapa. Katika BIOS za kompyuta nyingi mtaona kipimo cha volti 12. Kinatakiwa kisishuke chini ya 11.4 wala kisipande juu ya 12.6, ingawa kipimo cha hakika ni cha mita ya fundi. Tazameni pia kapasita za mazabodi. Zilizovimba kichwani au zinazotoa majimaji zimekwisha.

5. Draiva na Windows. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza Restart, ufuate njia ya kuingia Safe Mode, ambamo Windows hufanya kazi kwa programu chache za lazima tu. Ikikaa humo muda wake wa kawaida wa kuganda na isigande, shaka inaelekea kwenye draiva au programu. Mliobadilisha kadi ya picha, ondoeni draiva ya kadi ya zamani kabla ya kuweka mpya.

6. Joto. Tazameni kama feni zote zinazunguka na kama hakuna waya unaogusa panga zake. Wakati wa kufunga vifaa, mkono huweza kulisukuma bamba la kupozea lililo juu ya prosesa likalegea. Vumbi nalo huziba njia ya hewa. Mkipuliza vumbi kwa mashine, shikeni feni isizunguke, na msipulize kwa mdomo kwa sababu mate huingia. Programu ya bure kama HWMonitor huonyesha nyuzi joto za prosesa na za diski. Prosesa nyingi za mezani hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na SSD nyingi za SATA zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 70.

TULIVYOKIPATA CHANZO CHETU

Baada ya kurudi kwa fundi bila mafanikio, ndipo tulipokaa chini na daftari. Orodha yetu ilikuwa na mambo matatu: memori, SSD na Windows mpya. Tukaanza na hatua ya kwanza. Tukarudisha memori ya zamani peke yake, ikaganda. Tukarudisha na hadi diski ya zamani pamoja na Windows yake ya zamani, ikaganda. Sasa kompyuta ilikuwa na vifaa vyake vile vile vya mwaka jana, na bado inaganda.

Tafakarini maana ya jambo hili. Ikiwa kila kilichomo katika orodha kimerudishwa kama kilivyokuwa na ugonjwa haukuondoka, basi ama kuna kilicholegezwa wakati wa kufunga, ama orodha haikukamilika. Kwa vyovyote, tulikuwa hatuna tena hoja ya kuishutumu memori wala aliyeinunua.

Tukamwita kijana atueleze alichogusa siku ile, hatua moja moja. Alikuja, akaeleza kwa utulivu, kisha akaisoma orodha yetu. Akauliza, "Na kabati, maalim? Mbona halimo?"

Tukamuuliza kabati gani. Akasema, "Mimi niliifunga ikiwa mezani. Jumamosi nilipokuja niliiona imo ndani ya kabati."

Naam, ni kweli. Alhamisi ile, kijana alipokwisha kuondoka, sisi walimu tulihofia vifaa vipya visije vikaibwa. Tukaliingiza kasha zima ndani ya kabati la mbao lililo chini ya meza, tukapitisha nyaya katika tundu dogo la nyuma, tukafunga mlango kwa kufuli. Hatukuliona jambo hilo kuwa ni badiliko, kwa kuwa halikununuliwa wala halikufungwa kwa bisibisi. Tena ilikuwa msimu wa kaskazi, na ofisi yenyewe ina bati juu. Hewa ya moto iliyotoka nyuma ya kompyuta haikuwa na pa kwenda, feni ikaivuta tena hiyo hiyo.

Hata hivyo hatukutaka kuhamisha shutuma kutoka kwa kijana kwenda kwenye kabati bila ushahidi. Tukaweka HWMonitor, tukaiacha kompyuta mezani kutwa nzima. Prosesa ilibaki katika nyuzi hamsini na kitu, wala haikuganda. Siku ya pili tukairudisha kabatini na kufunga mlango. Nusu saa haijaisha, nyuzi zilikuwa zimepita 90, na kabla ya adhuhuri ikaganda. Tukaitoa, ikapona. Tukairudisha mara nyingine, ikaganda.

Hapo dalili zote zikaelewana. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa nafuu kuliko mchana. Ndiyo maana ukiiwasha papo hapo iliganda mapema zaidi, kwani ilikuwa bado ina moto. Na ndiyo maana kwa fundi haikuganda. Fundi hakutudanganya. Aliijaribu mezani kwake penye hewa, na hakuna aliyemwambia kwamba kwetu inafungiwa. Neno la kutwambia chanzo lilikuwa mikononi mwetu tangu siku ile: inaganda kwetu tu. Sisi tulilisikia kuwa ni ushahidi dhidi ya memori.

Ile memori ya kwanza tuliipima kwa MemTest86 usiku mzima, haikutoa kosa hata moja. Sasa inafanya kazi katika kompyuta ya ofisi pamoja na SSD. Kasha liko mezani, limefungwa kwa mnyororo, na feni yake imesafishwa vumbi. Ile tuliyouziwa baadaye tumeiweka akiba.

YANAYOKOSEWA MARA KWA MARA

Wengine hukimbilia kuweka Windows upya kabla ya kupima chochote. Kazi hiyo hula siku nzima, huweza kufuta mafaili, na haiponyi waya uliolegea.

Wengine husasisha BIOS kwa matumaini tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi huweza isiwake tena. Msifanye bila sababu mahsusi, na msifanye bila UPS.

Wengine hufungua Event Viewer, wakakuta tukio la Kernel-Power namba 41, wakanunua pawa saplai mpya. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika au kujiwasha upya bila kufungwa kwa utaratibu. Hata wewe ukiizima kwa nguvu litaandikwa. Halitaji nani mwenye kosa.

HITIMISHO

Kifaa kilichoingia mwisho ndicho cha kuanza kukichunguza, lakini kuchunguza si kuhukumu. Anayetafuta chanzo huandika yote yaliyobadilika, yakiwemo aliyoyafanya yeye mwenyewe, na hayo ndiyo mepesi kusahaulika. Kisha hujaribu moja moja, na hathibitishi kitu mpaka aweze kuuondoa ugonjwa na kuurudisha kwa hiari yake.

Tunawafundisha kila siku hatari ya dhana mbaya, na sisi tukaingia humo kwa sababu ya kipande cha memori. Kwa kuwa maneno yetu yalisemwa mbele ya watu, tuliwakusanya walimu wale wale na wanafunzi waliokuwepo, tukamtaka radhi kijana wetu mbele yao. Alisema tu, "Yamekwisha, maalim," kisha akaomba bisibisi airudishe SSD mahali pake.